Fundi Mitambo kama Mtunzi Mwenza: Uhakiki wa Kazi ya Kurekodi Bendi Huru za Roki na Dansi, Ukitazamwa kutoka Kiboriloni, Moshi

Ikisiri

Tasnifu nyingi za Kiswahili zinazochambua nyimbo za bendi huishia kwenye maneno. Wimbo husikilizwa, maneno yake hunakiliwa, kisha uchambuzi huendelea kana kwamba ni shairi lililochapishwa. Makala haya yanahoji utaratibu huo kwa kuchunguza kazi ya mtu anayesimama kati ya bendi na msikilizaji, yaani mhandisi wa sauti, ambaye katika Redio Tanzania alijulikana kama fundi mitambo. Bendi za Afro 70 na Sunburst, zilizoegemea roki katika miaka ya 1970, zinatumika kama mifano ya msingi, na msimamo wa mhandisi wa Marekani Steve Albini unatumika kama kipimo cha kulinganishia. Kiboriloni, kata ya Manispaa ya Moshi, ndipo mahali ambapo hoja inapimwa. Hoja kuu ni kwamba rekodi ni matini yenye mkono wa zaidi ya mtu mmoja, na kwamba uhakiki usioutaja mkono wa fundi huhesabu maamuzi yake kuwa ya bendi, au huyaacha bila mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Kiboriloni ipo mashariki ya katikati ya mji wa Moshi, kandokando ya barabara iendayo Himo na kuendelea hadi mpaka wa Holili na Taveta. Kwa watu wengi wa Kilimanjaro jina hilo huleta kwanza picha ya soko. Kwa mtafiti wa muziki, mahali hapo pana umuhimu mwingine: ni mahali ambapo muziki wa bendi ulipokewa kwa miongo mingi bila kurekodiwa. Sauti ilifika kutoka Dar es Salaam kwa redio, na kutoka Nairobi kwa santuri. Msikilizaji wa Kiboriloni alizijua bendi kwa namna zilivyosikika baada ya kupita mikononi mwa mafundi ambao hakuwahi kuwaona wala kuyasikia majina yao.

Hali hiyo ndiyo inayozaa tatizo la makala haya. Iwapo kile kinachoitwa “mtindo” wa bendi kilimfikia msikilizaji kupitia maikrofoni, kanda na uamuzi wa fundi, ni sehemu gani ya mtindo huo inayoweza kuhesabiwa kuwa ya bendi? Swali hili si la kiufundi tu. Linagusa sifa, haki na malipo. Linagusa pia ukweli wa madai ambayo wahakiki wamekuwa wakiyatoa kuhusu nyimbo za Kiswahili.

Neno “bendi huru” nalo linahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa maana yake hubadilika kutoka nchi moja hadi nyingine. Nchini Marekani, bendi huru ya roki ni ile isiyofungwa na kampuni kubwa ya santuri. Nchini Tanzania baada ya uhuru, kipimo kilikuwa umiliki wa vyombo. Bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na majeshi, polisi na magereza pia yalikuwa na bendi zao. Magitaa, amplifaya na dramu vilikuwa vya taasisi, na mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Hivyo basi, bendi huru katika makala haya ni ile ambayo wanamuziki wake hawakuajiriwa na taasisi ya dola au ya chama. Kwa kipimo hiki, bendi huru ya Tanzania iliweza kuwa huru hadi mlangoni mwa studio. Humo ndani palikuwa pa Serikali.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika, aliainisha tanzu kwa kuzingatia umbile na tabia ya kazi pamoja na muktadha na namna ya uwasilishaji wake. Mkabala huo uliwasaidia wanafunzi wengi kuacha kuitazama fasihi simulizi kama maandishi yaliyokosa karatasi. Hata hivyo, wimbo uliorekodiwa una mahali pasipo thabiti katika uainishaji wa namna hiyo. Uliwahi kuwa utendaji, lakini unarudiwa kama maandishi, kwa umbo lilelile kila unapochezwa. Kilichourekebisha hadi ukafikia umbo hilo ni tendo la kurekodi.

Taaluma ya Kiswahili ina mfano wa karibu zaidi wa namna ya kulishughulikia jambo hili, nao umo katika uhakiki wa miswada ya tenzi. J. W. T. Allen, katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971, hakuridhika na mswada mmoja wa kila utenzi. Alilinganisha nakala na kuonyesha mahali zinapotofautiana. Nyuma ya kila nakala alikuwapo mnakili aliyesoma, akaamua na wakati mwingine akasahihisha. Hakuna mhakiki makini anayeweza leo kuuchambua Utendi wa Mwana Kupona bila kueleza ametumia nakala ipi. Makala haya yanapendekeza kwamba fundi mitambo atazamwe kama mnakili wa aina hiyo, ila kwa tofauti moja: mnakili wa utenzi alikuta maneno yamekwisha tungwa, ilhali fundi alikuwapo wakati wa utendaji wenyewe, na maamuzi yake yaliwarudia wanamuziki walipokuwa bado wanapiga.

3.0 Chumba, Maikrofoni na Kanda

Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1965, ilikuwa kwa miaka mingi ndiyo redio pekee Tanzania Bara na ndiyo studio kuu ya bendi. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri kinachofanya kazi. Kwa hiyo bendi ilirekodi kwa ajili ya kusikika hewani, wala haikurekodi kwa ajili ya kuuza. Wimbo ulipigwa wote kwa pamoja, bendi nzima ikiwa ndani ya chumba kimoja, kwa maikrofoni chache, na matokeo yakaingia moja kwa moja kwenye kanda. Hapakuwa na nafasi ya kurudi baadaye na kuongeza gitaa moja au kuirekebisha sauti ya mwimbaji.

Katika mazingira hayo, kuchanganya sauti hakukuwa hatua ya baadaye. Kulifanyika kwa kupanga watu. Mpiga tarumbeta aliyesogezwa hatua mbili nyuma alipunguzwa sauti. Mwimbaji aliyekaribia maikrofoni akawa mbele ya wote. Gitaa la solo lilisikika kulingana na mahali amplifaya ilipowekwa na upande ilikoelekezwa. Ndiyo maana rekodi nyingi za kipindi hicho zina umbo linalotambulika: sauti za waimbaji zipo mbele na maneno husikika wazi, magitaa yamesukana katikati, na dramu zipo nyuma kama ukuta. Wahakiki wameeleza mara nyingi kwamba umbo hilo ni ushahidi wa utamaduni unaolipa neno uzito kuliko ala. Hoja hiyo inaweza kuwa kweli, lakini haiwezi kuthibitishwa kwa rekodi hizo peke yake. Redio ilitaka maneno yasikike, na fundi alikuwa mtumishi wa redio. Kinachosomwa kama falsafa ya bendi huenda ni kanuni ya kazi ya studio.

Ulinganisho na Nairobi unaitia nguvu hoja hii. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakahamia Nairobi mwaka 1971 na kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Huko walikuta biashara ya santuri ndogo zenye pande mbili. Wimbo mrefu wa dansi, wenye sehemu ya kwanza ya taratibu inayobeba maneno na sehemu ya pili ya mchemko wa magitaa, uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande wa pili. Katika kanda ya redio mwendo huo haukukatika. Katika santuri ulikuwa na pumziko la kugeuza sahani. Aliyeamua mahali pa kukata alifanya kazi ileile ya mhariri anayeamua sura ya riwaya iishie wapi. Mhakiki anayezungumzia “muundo” wa wimbo wa dansi bila kutaja kama anatumia kanda au santuri anazungumzia miundo miwili kwa jina moja.

4.0 Sauti Isiyopitia Kamati: Afro 70 na Sunburst

Hali ya bendi zilizoegemea roki inahitaji kusomwa sambamba na siasa ya utamaduni ya wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 1969, uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulijumuisha Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul. Hatua hiyo ilikuja baada ya Operesheni Vijana, kampeni iliyolenga sketi fupi na mavazi mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Katika redio, maneno ya nyimbo yalipitiwa kabla ya bendi kurekodi. Utaratibu huo umeelezwa na watafiti wa muziki wa Tanzania kwa upana, na umewavutia wahakiki wa fasihi kwa sababu unafanana na udhibiti wa vitabu.

Kisichoelezwa vya kutosha ni kwamba udhibiti huo ulisoma karatasi. Kamati iliweza kukataa ubeti, lakini haikuwa na lugha ya kukataa mngurumo wa gitaa lililosukumwa hadi sauti yake ikapasuka. Neno lilipita mezani, ilhali sauti ilipita kwenye chumba cha mitambo. Kwa maana hiyo, mtu aliyekuwa na uwezo wa mwisho wa kuamua ni kiasi gani cha roki kiingie hewani alikuwa fundi. Angeweza kuacha gitaa limeze mwimbaji, au kuliweka mbali likabaki kama mwangwi wa kitu kigeni nyuma ya wimbo wa Kiswahili.

Afro 70, chini ya Patrick Balisidya, ni mfano wa bendi iliyojenga jina lake katika nafasi hiyo. Gitaa la Balisidya lilichota kwa uwazi kutoka roki na soul, na uimbaji wake ulibaki katika Kiswahili kinachoeleweka na kila mtu. Bendi hiyo iliiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977. Mwishoni mwa muongo huo ilishirikiana na wanamuziki wa Uswidi wa kundi la Archimedes Badkar katika albamu iliyoitwa Bado Kijana. Kwa mhakiki wa rekodi, safari hiyo ni muhimu kuliko inavyotajwa. Bendi ileile inapatikana katika mazingira mawili ya kurekodi, yenye mafundi tofauti, vifaa tofauti na wasikilizaji tofauti waliokusudiwa. Mtu anayeandika juu ya “mtindo wa Afro 70” ana wajibu wa kusema ni mtindo wa bendi katika chumba kipi.

Sunburst iliundwa Dar es Salaam mwaka 1970, muda mfupi baada ya marufuku ya soul, na ikauita mtindo wake Kitoto. Albamu yake pekee, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut ya London iliitoa upya pamoja na rekodi nyingine za bendi hiyo kuanzia mwaka 1973. Toleo hilo limewafungulia mlango wasikilizaji wengi ambao wasingeipata kabisa. Pamoja na hayo, linaleta tatizo la kimatini. Rekodi inapohamishwa kutoka kwenye kanda au santuri ya zamani, mtu mwingine huamua mlio wa kanda upunguzwe kiasi gani, besi iongezwe au iachwe, na mipasuko ya santuri ifutwe au ibaki. Mtafiti wa leo anayesikiliza toleo hilo kwa simu anasikia uamuzi wa mafundi wa vizazi viwili. Anapoandika kwamba bendi ilikuwa na “besi nzito”, huenda anamsifia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta miongo kadhaa baada ya bendi kuvunjika.

5.0 Fundi Aliyekataa Jina na Fundi Asiyepewa Jina

Katika ulimwengu wa bendi huru za roki, hoja juu ya nafasi ya mhandisi imejadiliwa zaidi kupitia kazi ya Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024. Albini alikataa kuitwa prodyuza. Alishikilia kuwa kazi yake ni kuirekodi bendi kama ilivyo, wanamuziki wakipiga pamoja ndani ya chumba, na kwamba maamuzi ya muziki ni ya bendi. Alikataa pia kupokea asilimia ya mauzo. Alipotakiwa na Nirvana kurekodi albamu ya In Utero, kazi iliyofanyika Februari 1993 katika jimbo la Minnesota, alieleza kwa barua kwamba anataka kulipwa kama fundi bomba: afanye kazi, alipwe ujira wake, aondoke. Alilipwa dola 100,000. Mwaka huohuo aliandika insha iliyokosoa vikali jinsi kampuni kubwa za santuri zinavyozibebesha bendi madeni.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mfano wa fundi bomba una mlio wa kawaida kabisa. Katika Kiingereza ulikuwa mshtuko, kwa kuwa uliwekwa kinyume na heshima ya prodyuza. Katika Kiswahili, mtu wa studio alikuwa tayari fundi, kwa jina lilelile linalobebwa na mshonaji, mwashi na mtengeneza baiskeli. Fundi ni mtu wa kuaminiwa kwa mkono wake, anayelipwa kwa kazi, na asiyedai nguo aliyoshona iendelee kuwa yake. Msimamo ambao Albini aliuchagua kama maadili ulikuwa ndiyo hali ya ajira ya fundi mitambo wa Redio Tanzania.

Hata hivyo, ulinganisho huu usipelekwe mbali kuliko unavyostahili. Albini alikuwa na jina lililoweza kukataa asilimia, na kukataa kwake kukalizidisha jina hilo. Fundi mitambo hakukataa chochote, kwa kuwa hakuna kilichowekwa mbele yake. Alikuwa mtumishi wa umma, jina lake halikusomwa hewani, na kanda ikabaki mali ya redio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliwatambua waigizaji na wanamuziki, watayarishaji wa rekodi za sauti na mashirika ya utangazaji. Fundi, kama fundi, hakuwekwa katika orodha hiyo. Kutokujulikana kwa kuchagua na kutokujulikana kwa kupangiwa ni mambo mawili, na uhakiki unaoyachanganya humgeuza mtu aliyenyimwa kuwa mtu aliyejinyima.

Dai la Albini la kutoingilia nalo linahitaji kupingwa kwa sehemu. Kuchagua maikrofoni, kuiweka karibu na dramu au mwisho wa chumba, na kuamua jaribio lipi limetosha, ni kutunga. Historia ya In Utero yenyewe inathibitisha: kampuni na bendi hazikuridhika na sehemu ya kazi ile, na nyimbo mbili zilichanganywa upya na Scott Litt kabla ya albamu kutoka. Iwapo kazi ya mhandisi ingekuwa kioo kitupu, pasingekuwa na haja ya kubadilisha kioo.

Kizazi cha muziki wa Bongo Fleva kilifika mwisho wa pili. Prodyuza akaja na midundo yake, mwimbaji akaimba peke yake juu yake, na jina la prodyuza au studio likatamkwa mwanzoni mwa wimbo. Master J na P-Funk Majani wakajulikana kama wasanii waliowarekodi. Hatua hiyo ilirudisha jina lililokosekana, lakini iliondoa kitu kilichokuwa kiini cha kazi ya fundi: kikundi cha watu wanaopiga pamoja, wakisikilizana. Bendi ya roki inayotaka kurekodi leo katika studio iliyojengwa kwa ajili ya sauti moja na kompyuta hukuta jina la prodyuza lipo, ila chumba hakipo.

6.0 Kiboriloni: Mahali pa Kusikiliza, Mahali pa Kurekodi

Ingekuwa kosa kudai kwamba eneo la Moshi halikuwa na ujuzi wa kurekodi. Kuanzia mwaka 1963 hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa kituo hicho Machi 1977, Redio Sauti ya Injili ilirusha matangazo yake kutoka Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio ya Kilutheri mjini Moshi. Kanda zilirekodiwa chini ya Kilimanjaro, zikasafirishwa, kisha zikarudi kwa mawimbi mafupi. Palikuwa na maikrofoni, mafundi na chumba. Kilichorekodiwa humo kilikuwa mahubiri, mafundisho na kwaya. Mpiga gitaa la umeme aliyeishi Kiboriloni alikuwa karibu na studio kwa kilomita, lakini kwa utanzu alikuwa mbali nayo kama alivyokuwa mbali na Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500. Njia ya Kenya nayo ilifungwa mpaka ulipofungwa mwaka 1977, na haikufunguliwa hadi mwaka 1983. Hapa panaonekana kwamba ukosefu wa rekodi za bendi kutoka eneo fulani hauthibitishi ukosefu wa bendi. Unathibitisha tu kwamba milango ya studio ilikuwa na walinzi.

Kwa upande wa kurekodi leo, Kiboriloni inauweka msimamo wa “bendi kama ilivyo” kwenye mtihani. Msimamo huo unategemea chumba. Studio ya Albini ya Electrical Audio, iliyofunguliwa Chicago mwaka 1997, ilijengwa ndani kwa matofali mabichi ya udongo yaliyoletwa kutoka New Mexico, kwa sababu udongo hautupi sauti kwa ukali. Udongo huohuo ni kifaa cha ujenzi ambacho vijiji vingi vya Tanzania vimekuwa vikikiacha kwa kupendelea tofali za saruji na paa la bati. Chumba cha saruji hurudisha sauti ya dramu kwa ukali, na mvua ya masika juu ya bati huingia katika kila maikrofoni. Barabara ya Himo haina saa ya ukimya. Fundi anayerekodi bendi hapo ana njia mbili: kuzuia mahali kusisikike, au kukubali mahali kuwe sehemu ya wimbo. Kila njia ni uamuzi wa kisanaa wenye thamani sawa na uteuzi wa msamiati, na kila moja inastahili kutajwa na mhakiki atakayeuchambua wimbo huo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa rekodi ya bendi ni matini ya pamoja. Mpangilio wa sauti uliosomwa kama falsafa ya utamaduni unaweza kuwa umetokana na kanuni ya redio. Muundo wa wimbo unaweza kuwa umeamuliwa na upande wa santuri. Na sauti ya roki iliyoponyoka udhibiti wa maneno ilipita mikononi mwa mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Ulinganisho na Albini umesaidia kutenganisha unyenyekevu wa kuchagua na ukimya wa kulazimishwa.

Matokeo yake kwa utafiti ni ya moja kwa moja. Tasnifu inayochambua wimbo uliorekodiwa inapaswa kutaja rekodi iliyotumika kwa namna ileile inavyotaja chapa ya kitabu: kanda, santuri au toleo la kidijitali, mwaka, studio, na fundi pale anapojulikana. Pale ambapo kuna rekodi zaidi ya moja, zilinganishwe kabla ya dai lolote la mtindo kutolewa. Aidha, maktaba ya kanda za Redio Tanzania iliyorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania inahitaji orodha inayotaja mafundi pamoja na bendi, wakati ambapo baadhi ya waliokuwamo katika vyumba vile bado wanaweza kuulizwa. Kanda inaweza kunakiliwa hata baada ya miaka mingi. Kumbukumbu ya aliyeiweka maikrofoni mahali pake haina nakala ya pili.